Kabla ya Kulipakia, Ligeuze
Mazungumzo juu ya kununua vyombo vya mbao vilivyokwisha tumika



Leo twataka kuzungumza nanyi kwa habari ya jambo ambalo huonekana dogo mpaka siku limpatapo mtu. Nalo ni namna ya kukagua kitanda, meza, kiti au kabati lililokwisha tumiwa na mtu mwingine, kabla hujatoa fedha yako na kabla chombo hakijapakiwa garini. Twasema "kabla" mara mbili kwa makusudi, maana kasoro ionwayo baada ya hapo si ya mwuzaji tena, imekuwa yako.

Ninyi mkaao Baray mwajua jinsi vyombo hivi vifikavyo kwetu. Huko juu Karatu wamo watumishi wahamishwao kwenda wilaya nyingine, nao hawawezi kuchukua kabati zao. Zimo na nyumba za wageni waendao Ngorongoro, ambazo hubadili vitanda na viti vikichakaa. Tena wamo wachuuzi wanunuao kwa wote hao wakauza tena. Huku chini, upande wa Ziwa Eyasi, mkulima akiisha kuuza vitunguu vyake huwa na fedha mkononi, na nyumba yake haina kabati. Lori lililopandisha magunia hurudi likiwa na nafasi. Basi kukiteremsha chombo ni kazi rahisi. Lakini kukipandisha tena ili kukirudisha ni safari nyingine na nauli nyingine, na huenda mwuzaji amekwisha hama.

Turuhusuni tuanze kwa kuungama kosa letu wenyewe.

Mwaka 2012 tulikuwa tukifundisha katika shule moja ya huko chini, kabla ya kuhamishiwa chuo cha ualimu. Vitabu vya shule vilikuwa vimepangwa juu ya magunia, katika ghala yenye sakafu ya udongo. Wazazi walipouza vitunguu walichanga, kila nyumba kwa kadiri ya uwezo wake, wakatukabidhi shilingi 180,000 tukanunue kabati. Kabati jipya hatukuweza kulipata kwa fedha ile. Tukasikia kwamba mzee mmoja mjini, mtu wa kuheshimiwa, auza lake.

Tulifika kwake jua likielekea kuchwa. Dereva wa lori alikuwa akipiga honi barabarani. Mzee alitukaribisha vizuri, tukanywa chai yake, tukaulizana habari za watoto. Kabati lilisimama ukutani, refu, lenye milango ya kioo, na vanishi yake iling'aa hata tukaona nyuso zetu ndani yake. Tulifungua mlango, tukafunga, tukasema, "Ni zuri, mzee." Moyoni tulitaka kuliondoa ukutani tulitazame mgongo, na kulilaza tuone chini. Lakini twawezaje kumpekulia mzee mali yake, na chai yake ingali kinywani mwetu? Tukaona haya. Tukahesabu fedha, tukapakia.

Miguu na ubao wa chini wa kabati lile vilikuwa vimeliwa na mchwa zamani. Mtu alikuwa amechanganya unga wa mbao na gundi, akaziba mashimo, akapiga msasa, akapaka vanishi juu. Likiwa tupu lilisimama. Tulipolijaza vitabu lilistahimili majuma kadhaa; kisha, shule ilipokuwa imefungwa na mvua za masika zinanyesha, ubao wa chini ukakatika, vioo vikavunjika, na vitabu vikalala juu ya udongo wenye unyevu. Mchwa wa ghalani hawakukawia. Tulipofungua mlango baada ya likizo, vitabu vya darasa la sita na la saba vilikuwa vimejengewa udongo, na kurasa zake zimebaki kama wavu.

Ikatupasa kusimama mbele ya wazazi. Hakuna aliyetutukana. Baba mmoja mfugaji, mtu asiyejua kusoma, aliuliza neno moja tu: "Mwalimu, mlilitazama mgongoni?" Tukajibu kwamba hatukulitazama. Akasema, "Ng'ombe ningemfungua kinywa."

Neno lile limetufunza kuliko vitabu vingi. Hebu fikirini. Mnadani, mtu anunuaye ng'ombe hutazama meno apate kujua umri, humpapasa kiwele, humwendesha aone kama achechemea. Mwenye ng'ombe hakasiriki. Bali hushangaa akimwona mnunuzi asiyefanya hivyo, akadhani ni mjinga au ni mwizi aliye na haraka. Huko pwani nako, mnunuzi wa jahazi haridhiki kulitazama likielea; hungoja maji yapwe, likae juu ya mchanga, naye huzunguka chini akigonga mbao moja moja, maana ajua kwamba wadudu wa baharini hutoboa pale pasipoonekana. Ikiwa ng'ombe na jahazi hukaguliwa bila kuvunja heshima, kwa nini kabati lisikaguliwe? Kukagua si kumwita mwuzaji mwongo. Huenda yeye mwenyewe hajui yaliyo nyuma ya kabati lake, kwa kuwa halijaondolewa ukutani miaka mingi.

Basi, sasa tuseme namna ya kufanya.

Kwanza, nenda mchana, na mapema. Taa hupendezesha vanishi na kuficha nyufa. Omba chombo kitolewe nje, kitupu, kiwekwe penye jua. Chukua vitu vinne: kisu kidogo, tochi, uzi mrefu, na karatasi nyeupe. Vyote vyaingia mfukoni.

Pili, anza na mahali pasipopakwa rangi. Upande wa mbele umetengenezwa ili upendeze macho. Ukweli wa chombo uko chini, nyuma na ndani. Lilaze kabati chali, utazame nyayo za miguu. Pindua kiti. Vuta mtoto wa meza mpaka atoke kabisa, kisha umulike katika shimo lake na umgeuze yeye mwenyewe. Hapo ndipo utakapoona ubao ulivyo hasa, rangi yake, na misumari iliyoongezwa baadaye. Ukiona kwamba hata chini pamepakwa rangi mpya nzito, uliza sababu. Fundi hana haja ya kupamba mahali pasipoonwa na mtu, ila akiwa na neno la kuficha.

Tatu, gonga na kuchoma. Gonga kwa kifundo cha kidole toka juu mpaka chini. Mbao nzima hutoa sauti kavu, ya namna moja; iliyoliwa ndani hutoa sauti ya debe tupu. Pale sauti ibadilikapo, omba ruhusa, ukachome kwa ncha ya kisu upande wa chini, mahali pasipoharibu uso. Ncha ikizama bila nguvu, acha. Mahali palipozibwa kwa unga wa mbao na gundi hapana mistari ya mti. Mulika tochi kwa ubavu, si kwa mbele: mistari ya mti mzima huendelea bila kukatika, lakini kiraka huonekana kama uji uliokauka.

Tumetaja mchwa. Yafaa kujua kwamba wadudu walao mbao si wa namna moja, wala dawa yao si moja.

Mchwa wetu wa ardhini huishi udongoni, na huhitaji unyevu. Huijia mbao kwa njia za udongo wazijengazo, huila toka ndani, na kuacha ngozi nyembamba ya nje. Chombo kikiisha kuhamishwa, mchwa hao kwa kawaida hawahami nacho. Lakini udhaifu waliouacha huhama, kama tulivyoona. Tafuta alama ya udongo mkavu katika pembe na ndani ya viungo.

Pwani, kama vile Dar es Salaam na Mombasa, wako mchwa wengine wasiohitaji udongo. Hao huishi ndani ya mbao kavu yenyewe, na husafiri pamoja na kitanda au kabati mpaka bara. Alama yao ni chembe ndogo ngumu, kama mbegu za mchicha, ambazo wao huzisukuma nje kwa tundu dogo, zikalundikana chini. Ukiona lundo la namna hiyo chini ya chombo, usikichukue nyumbani kwako, hata kwa bei ya bure.

Wa tatu ni bungua, kidudu kidogo mwenye mabawa. Jike hutaga mayai katika vitundu vya asili vya mbao. Viluwiluwi vyake hula wanga uliomo kwa muda wa miezi mingi, hata mwaka na zaidi, mpaka mbao yote ndani imekuwa unga laini kama wa muhogo. Kisha hukua, hutoboa, hutoka. Basi lile tundu ulionalo, ambalo kijiti cha kiberiti huingia kwa shida, si mlango wa kuingilia; ni mlango wa kutokea. Uharibifu umekwisha fanyika, na ndugu zake huenda wangalimo.

Utajuaje kama wangalimo? Tandika karatasi yako nyeupe chini, ugonge mbao kwa kiganja. Unga mweupe mpya ukianguka, ni dalili mbaya. Tazama na midomo ya matundu kwa makini. Ikiwa vanishi imeingia ndani ya tundu, tundu lilikuwako kabla ya kupakwa, huenda ni la zamani. Ikiwa tundu limeikata vanishi, na ndani ni jeupe na safi, mdudu ametoka baada ya kupakwa, na kazi yaendelea.

Bungua huyo hali kila mbao. Katika mti kama mninga, yeye hupenda ile sehemu nyeupe ya nje. Kiini chekundu hakigusi. Kwa hiyo meza ya mninga yenye ukingo mweupe huliwa ukingoni, na iliyobaki hukaa miaka mingi. Fundi mzuri huiondoa sehemu nyeupe tangu mwanzo. Mbao ya msonobari bungua huyu haimpendezi, lakini mchwa huipenda sana. Mvule hustahimili mchwa. Walakini usiamini jina la mbao utajiwalo, maana vanishi ya rangi nyekundu huufanya msonobari kuwa mninga kwa siku moja. Utazame upande usiopakwa, uinue na uzito wake: msonobari ni mwepesi.

Nne, jaribu viungo. Shika kiti kwa mgongo, usukume mbele na nyuma, kisha kwa ubavu. Inua pembe moja ya meza, uone kama miguu mingine yachezacheza. Ketini watu wawili juu ya kitanda, mjigeuze. Kiungo chema ni kile ambacho ulimi wa ubao mmoja umeingizwa katika tundu la mwingine. Kilichofungwa kwa misumari tu kitalegea, na kila msumari mpya uongezwao hupasua zaidi.

Hapa kuna jambo lihusulo Baray hasa. Mji wa Karatu uko yapata mita 1,500 juu ya bahari, una baridi na ukungu. Ziwa Eyasi liko yapata mita 1,030, na kandokando yake pana joto na ukavu. Mbao hunywa unyevu wa hewa ikavimba, na huutoa ikanywea. Katika urefu wake haibadiliki kwa kadiri ya kuonekana, bali katika upana hubadilika: ubao wa sentimita 30 waweza kupungua milimita 3 ukihamishwa toka penye unyevu kwenda penye ukavu. Kwa hiyo kiungo kilicholegea kidogo huko juu kitalegea zaidi huku chini, na ufa mwembamba wa uso wa meza utapanuka. Msiseme, "Kalegea kidogo tu." Hesabuni na mteremko.

Tano, kuna vyombo vya siku hizi ambavyo si mbao nzima, bali ni pumba za mbao zilizogandishwa kwa gundi, zikafunikwa karatasi nzuri yenye mistari kama ya mti. Havina ubaya vikitunzwa pakavu. Lakini vikipata maji huvimba kama mkate, wala havirudi kuwa kama kwanza. Pitisha kidole ukingoni mwa chini na kuzunguka bawaba. Ukihisi uvimbe, au parafujo izungukayo bila kushika, hicho kimekwisha.

Sita, wadudu wasiokula mbao ila watulao sisi. Kunguni hukaa katika viungo vya kitanda na matundu ya parafujo. Alama zake ni madoa meusi madogo, magamba matupu, na mayai meupe. Papasi naye hujificha katika nyufa, na huweza kukaa miaka bila chakula. Robert Koch, mganga wa Kijerumani, alipozuru nchi hizi mwaka 1905 alichunguza jinsi papasi alivyoeneza homa ya vipindi kwa wasafiri waliolala katika vibanda vya njiani. Kitanda chenye kunguni chaweza kuokolewa: kifungue chote, umimine maji yanayochemka katika kila kiungo, urudie baada ya siku kumi hivi, maana mayai huchelewa kuanguliwa. Lakini fanya hivyo uani, kabla ya kukiingiza chumbani, na bei iwe imepunguzwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Ule uzi nao una kazi yake. Pima mlango wa nyumba yako kabla ya kuondoka, ufunge fundo; kisha pima chombo kwa uzi uo huo. Tumepata kuona kabati zuri likilala uani siku nne, na mwenye nyumba akibomoa ukuta.

Mkiisha kukubaliana, andikeni hati fupi: jina la mwuzaji na la mnunuzi, chombo chenyewe, kasoro zake zilizojulikana, bei, tarehe, na shahidi mmoja. Wazee husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tena hati hiyo ni kinga yenu, ikiwa chombo kiliibwa mahali.

Neno moja kwa wauzao. Mtu asemaye, "Mguu huu uliliwa, nikauunga, nawe utazame," huuza kwa bei ndogo kidogo, lakini hukutana na mnunuzi wake barabarani bila kugeuza uso. Kuziba shimo ili lishike ni ufundi. Kuliziba ili lisionekane ni hila. Fundi ni yule yule na gundi ni ile ile, bali nia ndiyo inayotofautiana.

Wanafunzi, pengine mwasema kwamba ninyi hamnunui kabati. Lakini ninyi ndio wenye macho makali na magoti mepesi. Baba akienda kununua, mwombeni mfuatane naye. Laleni chini mtazame pale yeye asipoweza kuinama.

Mtapenda kujua mwisho wa habari yetu. Fedha ile tuliilipa toka mshahara wetu, kidogo kidogo, kwa muda wa miezi tisa. Wazazi hawakutudai, sisi wenyewe hatukuweza kupita mbele yao bila kulipa. Kisha tulikwea tena Karatu kutafuta kabati la pili, na safari hii tulimwomba yule baba mfugaji atufuate. Alifika, akaamkiana na mwenye kabati kwa adabu zote, akanywa chai. Kisha akasema, "Bwana, twaomba tuligeuze." Mwenye kabati akajibu, "Karibuni," akashika upande mmoja yeye mwenyewe.

Lilikuwa kabati baya la kutazama, limekwaruzwa mbele, na mguu wake mmoja si wa mti mmoja na mingine. Lakini mgongo wake ulikuwa mzima, viungo vyake vilishikana, na karatasi yetu nyeupe ilibaki nyeupe. Tulilinunua. Tukaweka kila mguu juu ya jiwe, mbali na ukuta kwa kadiri ya kiganja, ili mchwa wakija waonekane njiani. Tulipopita shuleni hapo miaka mingi baadaye, tulilikuta lingali limesimama, na vitabu vimo.

Haya basi, wasikilizaji wetu. Msione haya kuinama. Haya ya kugeuza kabati ni ya dakika moja. Haya ya kutoligeuza, sisi tuliichukua miezi tisa.

Kwaherini.